Ukifungua data ya Add Health kwa mara ya kwanza

Mwanafunzi akiniletea mpango wa kutumia data ya Add Health, huwa namuuliza kwanza: watu wako ni wa awamu zipi, yaani duru zipi za mahojiano? Utafiti huu wa Marekani kuhusu afya ya vijana ulianza mwaka wa masomo 1994/95 na vijana wa darasa la 7 hadi la 12, ukawafuata mpaka utu uzima. Si wote walioonekana kila awamu.

Anza na faili za umma, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata. Awamu ya kwanza ina watu 6,504, wanatosha kabisa kujifunzia. Zile za mkataba, zinazotolewa kwa kutia saini tu, zina makaratasi mengi, ziache kwanza. Faili zinaunganishwa kwa namba ya utambulisho iitwayo AID.

Tuseme unataka kujua uzito wa mwili ulivyobadilika. Awamu ya kwanza kijana aliulizwa tu ana uzito gani. Kuanzia ya pili alipanda mizani. Ukitoa namba moja kwenye nyingine, sehemu ya tofauti utakayopata imetokana na namna ya kupima, si mwili. Mimi huanzia awamu ya pili, ingawa nayo ina hasara yake: wengi waliokuwa darasa la 12 hawakuhojiwa tena mwaka 1996, kwa hiyo wale wakubwa wanapungua sana. Chagua, kisha uandike sababu.

Halafu usikimbilie wastani. Kwenye swali la uzito, 996 si ratili. Maana yake mhojiwa alikataa kujibu. 998 ni "sijui". Kila swali lina namba zake za namna hii, na zipo kwenye kitabu cha maelezo ambacho watu hawapendi kukisoma (nami siwalaumu, kinachosha). Zifute kabla ya hesabu yoyote.

Uzani wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila mhojiwa anawakilisha watu wangapi, usiuruke. Makundi kadhaa, kwa mfano vijana wenye asili ya Kuba, Puerto Rico na China, yaliongezwa makusudi ili yatoshe kuchambuliwa. Tumia uzani unaolingana na awamu ulizounganisha, na uiambie programu kwamba vijana walichukuliwa shule kwa shule, la sivyo makosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yako yanavyoweza kuyumba) yatatoka madogo kuliko inavyostahili.

Mwisho endesha modeli yako ya takwimu mara mbili, yenye uzani na isiyo nao. Matokeo yakiachana sana, tafuta kwanza ni kundi gani linalovuta.