Sosholojia mwaka wa kwanza: jinsi ya kuisoma bila kukariri

Wengi wanaopata sapu (mtihani wa marudio) ya sosholojia mwaka wa kwanza si wavivu. Wamekesha na madesa, wamemeza maana ya utamaduni, ujamiishaji na matabaka. Mtihani unapowataka waeleze kwa mifano, wanaandika maana ile ile, wanaongeza maoni kuhusu vijana wa siku hizi, na alama zinaishia hapo.

Kila dhana iandikie kadi: maana kwa maneno yako, aliyeileta na mwaka, swali alilokuwa analijibu, na kisa kimoja unachokijua. Kadi tano kwa wiki zinatosha. Swali ndilo linalorukwa sana, na bila hilo mengine hayakai kichwani.

Mchukue Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa. Mwaka 1897, alipoandika kuhusu kujiua, hakuhangaika na fulani kwa nini alijiua. Alitaka kujua kwa nini kiwango cha nchi hubaki karibu vile vile mwaka hadi mwaka, na kwa nini Waprotestanti walikuwa na kiwango kikubwa kuliko Wakatoliki. Jibu lake lilikuwa mshikamano: kikundi kinamfunga mtu kwa nguvu kiasi gani. Angalia pia anomia, yaani hali ya kanuni za jamii kulegea. Ni kosa la kawaida kuandika kwamba ni umaskini. Durkheim aliiona hata uchumi unapopanda ghafla, kwa sababu kanuni za kupima matamanio zinalegea.

Sasa ipime nadharia kwenye jambo la karibu, mathalani mchango wa harusi. Merton, mwanasosholojia Mmarekani, mwaka 1949 alitenganisha dhima dhahiri (kazi inayokusudiwa) na dhima fiche (kazi isiyokusudiwa). Dhahiri ni kulipia ukumbi na chakula. Fiche: orodha ya ahadi inaonyesha nani ana watu, na kila anayetoa anaweka deni litakalorudi siku ya mwanawe. Huo ni uamilifu, mtazamo unaouliza kila jambo lina kazi gani katika jamii. Mfuasi wa Marx atauliza nani anamudu kadi ya watu wawili na nani anabaki nje. Mfuasi wa mwingiliano wa ishara, anayeangalia watu wanavyopeana maana ana kwa ana, atakaa kikaoni, amsikilize mwenyekiti akisoma majina kwa sauti, na amwone aliyetajwa akipandisha ahadi. Kisa kimoja kimetazamwa mara tatu, na tayari una mifupa ya insha.

Makala ya kurasa 20 anza na utangulizi na hitimisho, kisha rudi katikati ukitafuta mawili tu: mwandishi anadai nini, na ushahidi wake ni upi. Andika mistari mitano, funga.

Kwenye kikundi cha majadiliano msigawane mada. Kila mtu atajua yake tu. Wanne mjadili swali moja la mtihani uliopita. Kama mtihani ni wa Kiingereza, bishaneni kwa Kiswahili kwanza mpaka hoja ikae sawa, halafu kila mmoja aandike aya moja kwa Kiingereza na mbadilishane. Ni njia bora kuliko kukariri sentensi usizozielewa.

Mtihani wa maswali matatu kwa saa tatu unakupa dakika 60 kila swali: 10 za kupanga, 45 za kuandika, 5 za kupitia. Aya ya kwanza itaje dhana na kisa chako. Historia ndefu ya Comte, aliyeipa sosholojia jina lake, iache, isipokuwa imeulizwa.