"A", "an" au "the"? Namna ya kuchagua unapoandika Kiingereza

Ninasahihisha barua za maombi ya kazi, na vineno hivi vitatu ndivyo vinavyonilia wino mwingi kuliko tahajia. Kiswahili hakina vineno hivyo, lakini tofauti vinayoionyesha tunayo, na tutaitumia.

Hatua ya 1: Je, nomino inahesabika?
Advice, information, luggage na equipment hazihesabiki. Hazichukui "a" wala "s" ya wingi. Nomino inayohesabika ikiwa katika umoja haikai peke yake, lazima itanguliwe na kitu: a, the, my, this. Kwa hiyo "I am accountant" ni kosa. Andika "I am an accountant".

Hatua ya 2: Je, msomaji anajua ni ipi?
Hapa ndipo penye kazi. Isemee sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. "Nimenunua kitabu": chochote kile, basi ni "I bought a book". "Nimekinunua kitabu": hiyo -ki- inamwambia mwenzako kwamba ni kile mnachokijua, basi ni "I bought the book".

Kwa watu na wanyama kipimo hiki hakifai, maana "nimemwona daktari" husemwa kwa vyovyote. Hapo jaribu maneno mengine: ikikubali "daktari mmoja", ni a; ikikubali "yule daktari", ni the.

Si lazima kitu kiwe kimeshatajwa ndipo kijulikane. Tazama barua hii:

"I wish to apply for the post you advertised. I have a diploma in accounting."

Nafasi ya kazi wameitangaza wenyewe, wanaijua: the. Diploma yako ndiyo kwanza wanaisikia: a. Ukiirudia mbele, inakuwa "the diploma".

Hatua ya 3: A au an?
Sikiliza sauti, usitazame herufi. An hour, kwa kuwa h haitamkwi. A university, kwa kuwa inaanza na "yu". An NGO, kwa kuwa tunasema "en".

Hatua ya 4: Unasema kwa ujumla?
Basi acha wingi ukae peke yake: "Teachers need patience". Ukiweka the, nitakuuliza walimu wa wapi.

Hatua ya 5: Majina
Hapa mantiki ni haba, kariri tu. Mito, bahari na safu za milima huchukua the: the Rufiji, the Indian Ocean, the Usambara Mountains. Ziwa moja au mlima mmoja hauchukui: Lake Victoria, Mount Kenya.

Kwenye wasifu kagua sehemu ya elimu. Jina la chuo likianza na University of, ndani ya sentensi weka the: "I studied at the University of Nairobi". Jina likitangulia, usiweke: "I studied at Makerere University".