Jinsi ya kubishana kama nchi ijitoe kwenye muungano, bila benchi kurushwa

Sisi hapa Arua, Uganda, tuna kijiwe chetu nyuma ya duka la spea, Jumamosi jioni, madereva wa malori ya Juba, vijana wa boda, mwalimu mmoja mstaafu, Wakongo wa Aru wanaovuka kununua vitu, na mama chai na birika lake. Lugha ni nyingi kwa hiyo Kiswahili ndo kinatukalisha pamoja. Siku moja mwalimu akaleta hoja ya Uskoti, eti ipige kura tena kujitoa Uingereza au ikae? Watu wakacheka, Uskoti inatuhusu nini sisi. Dakika ishirini baadaye kijana wa boda na dereva mmoja walikuwa wanavutana mashati na benchi limeshainuliwa. Tangu siku hiyo tumejifunza kuendesha hii kitu vizuri, na nakuandikia tulivyojifunza.

Kwanza nyoosheni majina kabla mtu hajafungua mdomo. Kiswahili chetu kina shida hapa, tukisema Uingereza saa ingine tunamaanisha ile nchi ya London peke yake, saa ingine tunamaanisha muungano mzima na Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini ndani. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa huo tu, mmoja anasema Uskoti iko Uingereza mwingine anasema haiko, na wote walikuwa sahihi! Sasa tunasema "muungano" kwa ile kubwa, basi. Wekeni na historia kidogo mezani: muungano wa Uskoti na England ni wa 1707, kura ilipigwa tarehe 18 Septemba 2014, waliosema wabaki walikuwa asilimia 55.3, waliosema watoke 44.7. Hizo zikishajulikana na wote hakuna wa kutishia wenzake na namba za kubuni.

Halafu angalieni neno lenyewe maana neno limeshachagua upande kabla yako. Ukisema "uhuru", Mganda yeyote anakumbuka 9 Oktoba 1962, bendera, nani atapinga uhuru? Ukisema "kujitenga" inanuka uasi, unaona watu wa msituni. Kwetu tumekubaliana "kujitoa", ni neno la kati, hata kwenye chama cha akiba mtu anajitoa na maisha yanaendelea. Waskoti wenyewe walipambana na hili. Swali lililopendekezwa mwanzo lilikuwa la kumuuliza mtu kama anakubali kwamba Uskoti iwe nchi huru, tume ya uchaguzi ikaona hilo "unakubali" linamsukuma mtu kwenye ndiyo, likafupishwa tu: Je, Uskoti iwe nchi huru? Kwa hiyo chairmani wenu akisoma hoja kwa sauti ya kubembeleza mkatazeni.

Nani apige kura, hapo msipite haraka, hapo ndo kuna utamu. Uskoti waliwaruhusu vijana kuanzia miaka 16, na mtu wa England anayeishi Glasgow alipiga, lakini Mskoti aliyezaliwa huko akahamia London hakupiga. Sudan Kusini walipopiga kura ya kujitoa Sudan Januari 2011 ilikuwa kinyume, wa nje walipigia walipo, hata hapa Uganda vituo vilikuwepo. Na sisi tuna yetu wazee wanaikumbuka, Buyaga na Bugangaizi 1964, kaunti mbili zilizogombaniwa na falme za Buganda na Bunyoro, watu waliulizwa wabaki Buganda, warudi Bunyoro au wawe wilaya yao wenyewe. Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa amepeleka wanajeshi wastaafu wakakae kule, serikali ikasema wanaopiga ni waliojiandikisha kwa uchaguzi wa 1962 tu, na kaunti zikarudi Bunyoro. Mwulize kila msemaji: wewe ungemwacha nani nje ya foleni, na kwa nini? Utaona mtu anayejifanya wa haki anaanza kutokwa jasho.

Ruhusa ya kupiga kura ni jambo fupi. 2014 ilikuwepo, serikali mbili, ya Uskoti na ya muungano, zilisaini makubaliano Edinburgh Oktoba 2012. 2022 mahakama ya juu ya muungano ikasema bunge la Uskoti haliwezi kuitisha nyingine peke yake. Baraza la Buganda nalo lilijitangazia uhuru mwisho wa 1960, lakini gavana wa Waingereza akaendelea kutawala kama kawaida. Ongeeni hilo dakika tano mwendelee, sivyo wanasheria wa barazani watawala jioni yote.

Sasa kitu chenyewe. Mi nakiita asubuhi ya pili. Asubuhi ya kwanza ni ngoma na bendera, kila mtu anaijua. Asubuhi ya pili mama anaenda sokoni, ananunua kwa pesa gani? Mzee analipwa pensheni na nani? Lori linavuka mpaka kwa karatasi zipi, na deni la zamani mnagawanaje? Anayetaka kutoka lazima ajibu haya, mwenzake akae kimya asikilize. 2014 Alex Salmond wa upande wa kutoka alibanwa na Alistair Darling wa upande wa kubaki kwenye tivii hapo hapo kwenye sarafu, kama wakikataliwa pauni watafanyaje, na watu wengi walisema jibu halikutosha. Mafuta pia. Mpango wa akina Salmond ulihesabu pipa kama dola 110, siku ya kujitoa ingekuwa 24 Machi 2016, na Januari ya mwaka huo pipa lilishuka chini ya dola 30. Sudan Kusini nao walitoka na mafuta lakini bomba linapita kaskazini hadi Port Sudan, wakagombania ada, Januari 2012 wakafunga visima vyao wenyewe.

Lakini msimwachie anayetaka kubaki akacheka, naye ana asubuhi yake. 2014 waliambiwa kubaki kwenye muungano ndo njia ya uhakika ya kubaki Umoja wa Ulaya. Miaka miwili tu, 2016, muungano mzima ukapiga kura kutoka Ulaya wakati Uskoti asilimia 62 walitaka kubaki. Kwa hiyo kubaki nako ni kusaini kitu usichokijua. Swali linaloua pande zote ni hili, ahadi hiyo nani ataishika na ukidanganywa utamshtaki wapi.

Ujanja wetu mwingine, nusu saa ikiisha wabadilisheni upande. Yule dereva aliyekuwa anapiga kelele za kutoka, sasa atetee kubaki, na asichekeshe, atetee kweli. Siku ya benchi ndo ilituokoa hii, kijana wa boda alipolazimishwa kutetea kutoka alianza kwa kununa halafu akaongea vizuri kuliko mpinzani wake.

Na kama kati yenu kuna mtu aliyepitia, msimfanye shahidi wa mtu. Mama chai alipiga kura ile ya Sudan Kusini 2011, ile karatasi yenye mkono mmoja wa kutoka na mikono miwili ya kushikana ya kubaki, asilimia karibu 99 walichagua mkono mmoja. Desemba 2013 vita, akavuka huku na watoto. Dereva akamgeukia, "Si unaona mama, mngebaki!" Mama akaweka birika chini, akapangusa mikono kwenye leso polepole, akasema, "Mwanangu, vita ya kabla ulikuwepo?" Kimya. Halafu akamwaga chai, akamdai shilingi zake. Hakusema alikuwa sahihi, hakusema alikosea, na ye si mfano wa hoja yako. Tangu siku hiyo sheria ni kwamba mtu anaulizwa anataka kuongea, akikataa mnaendelea.

Mwisho pigeni kura ya siri mara mbili, kabla na baada, hesabuni wangapi wamehama, mshindi wa mjadala ni upande uliovuta watu wengi. Tunatumia punje ndani ya kibuyu, hindi ni kutoka, haragwe ni kubaki, na kiwango cha hoja kupita mkubaliane mapema, nusu na moja inatosha au mnataka kama Montenegro 2006, walipojitoa kwenye muungano na Serbia, waliowekewa asilimia 55 wakapita kwa 55.5? Sisi tulisema nusu na moja. Mara ya kwanza mahindi 14, maharagwe 9. Mara ya pili mahindi 11, maharagwe 11, na karanga moja. Chairmani akauliza nani ameweka karanga, hakuna aliyejibu, na anayeuza karanga pale kijiweni tunamjua, ni mmoja tu.