Seli za jua za utando mwembamba: kulinda faida ya jora lisilokatika

Anayepaka vioo kwa mafungu hurudia kazi ileile kila fungu: kufyonza hewa, kupasha moto, kupaka, kupoza, kufungua. Kwa jora, yaani mkanda mrefu uliokunjwa unaopita ndani ya chemba bila kukatwa, unafyonza hewa mara moja tu. Mkanda wa mita 1,000 ukienda mita 1 kwa dakika, chemba hubaki katika ombwe (bila hewa) saa 16 na dakika 40. Joto likishatulia, kila mita hupita katika hali ileile. Faida kubwa iko hapo.

Chagua mkanda kwanza. Chuma kisichoshika kutu huvumilia nyuzi 550 za Selsiasi, lakini madini yake hupenya hadi kwenye seli na kuidhoofisha, kwa hiyo tanguliza tabaka la kizuizi. Polimaidi, plastiki inayostahimili joto, haipitishi umeme, hivyo seli zaweza kuunganishwa kwa leza juu ya mkanda wenyewe. Ila ukikaribia nyuzi 450, punguza moto. Yote miwili haina sodiamu ambayo kioo cha kawaida hutoa chenyewe. Ongeza kidogo ya floraidi ya sodiamu, la sivyo volti hushuka.

Kwa seli za shaba, indiamu, galiamu na seleniamu, anza na molibdeni, metali inayopitisha umeme chini ya seli, nusu mikroni hadi moja (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Fuatisha tabaka la kufyonza mwanga, mikroni 2 hivi, kisha salfaidi ya kadmiamu nanomita 50, na juu kabisa oksaidi ya zinki, inayopitisha mwanga na umeme.

Weka sensa ya eksirei, inayopima kiasi cha kila elementi, mara baada ya tabaka la kufyonza. Gawanya atomi za shaba kwa jumla ya indiamu na galiamu: jibu liwe kati ya 0.8 na 0.95. Likizidi 1, selenaidi ya shaba hubaki na kuvujisha umeme. Usisubiri, maana kosa la nusu saa ni mita 30 zilizoharibika.

Adui mwingine ni vumbi. Chembe ikikaa juu ya molibdeni hupakwa pamoja na mkanda. Ikibanduka baadaye kwenye rola, huacha tundu. Oksaidi ya zinki huingia tunduni, ikagusa molibdeni, na umeme ukapata njia ya mkato. Safisha mkanda kabla haujaingia, na rola ziguse mgongo wake tu. Mvuto unaonyoosha mkanda ukilegea, mkanda hupinda pembeni. Ukizidi, hukunjika, na penye mkunjo utando hupasuka.

Wakati wa kukata, kagua kisu. Kikiwa butu huacha vinyuzi vya chuma ukingoni, na kimoja tu chatosha kuunganisha juu na chini ya seli.