Jinsi ya kuendesha ligi ya fantasi isiyokufa kabla ya Desemba

Mwezi Agosti ligi ya fantasi ya marafiki, ambamo kila mtu huunda kikosi cha wachezaji halisi wa soka na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, huwa na watu kumi na wanne, kila mmoja amebuni jina la timu la kuchekesha, na kundi la WhatsApp halilali. Ukifungua jedwali hilohilo katikati ya Desemba, utakuta ni watu watano tu wanaogusa vikosi vyao, na waliobaki wameacha kwenye timu zao mshambuliaji aliyeumia tangu Septemba na kipa aliyekwisha kupoteza namba. Nimekuwa mwenye ligi kwa misimu kadhaa, na kwa muda mrefu niliwalaumu wenzangu kwa uvivu. Siku hizi naamini kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliendelea kuandaa ligi kwa ajili ya utamu wa zamani, ilhali utamu wenyewe ulikwisha kuhamia kwingine. Anayetaka kuanzisha ligi yake msimu ujao na aanze kwa kujua ulihama vipi, kisha ndipo achague kanuni.

Utamu ulikotoka

Mchezo huu haukuanzia kwenye soka. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika timu ya mpira wa Kimarekani ya Oakland Raiders, alikaa na wenzake wachache katika hoteli moja jijini New York wakaandika kanuni zake za kwanza, na mwaka uliofuata timu 8 za kubuni zikagawana wachezaji kwa zamu. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa George Blanda. Kanuni iliyobeba mchezo mzima ilikuwa kwamba mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wanabaki kumtazama. Raha yake ilikuwa ya umiliki: huyu ni wangu, na wewe umemkosa kwa sababu ulisitasita zamu yako ilipofika.

Nchini Uingereza, Andrew Wainstein alianzisha mchezo wa aina hiyo kwa soka mwaka 1991, na mwaka 1994 gazeti la Daily Telegraph likaupeleka kwa wasomaji wake. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Gazeti haliwezi kuwagawia maelfu ya wasomaji washambuliaji ishirini wazuri, kwa hiyo kila msomaji hupewa bajeti ya kununulia wachezaji, na mchezaji mmoja anaweza kuwamo katika maelfu ya vikosi kwa wakati mmoja. Umiliki ukafa, na mahali pake pakaingia maarifa, yaani kumwona mchezaji mzuri wa bei nafuu kabla wengine hawajamwona.

Fantasy Premier League, mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya Uingereza, ulioanza msimu wa 2002/03 ukiwa na washiriki wasiofika 80,000, ulirithi mfumo huo wa bajeti, na kwa miaka mingi maarifa ndiyo yaliyokuwa dhahabu yake. Msimu wa 2015/16 Riyad Mahrez wa Leicester City alianza akiuzwa pauni milioni 5.5 akamaliza na pointi 240. Aliyemsajili mapema alikuwa na jambo la kujivunia mwaka mzima, na haki yake. Lakini kufikia msimu wa 2022/23 washiriki walikuwa wamepita milioni 11, takwimu za kila shuti zikiwa wazi kwa kila mtu, na Mahrez mwingine akijitokeza Jumamosi, kufikia Jumatatu amekwisha kusajiliwa na umati. Msimu huohuo Erling Haaland alifunga mabao 36, na kuwa naye hakukumpa mtu faida kubwa kwa kuwa karibu kila mpinzani makini alikuwa naye. Ilikuwa bima tu. Aliyekosa kuwa naye ndiye aliyeumia.

Kwa hiyo utamu umepita hatua tatu: kumiliki, kisha kujua, kisha kukisia watu wengine watafanya nini. Si ajabu kwamba Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa chesi wakati huo, alishika nafasi ya kwanza duniani kwa muda mnamo Desemba 2019 na kumaliza msimu akiwa wa 10. Hatua hiyo ya tatu inawafaa wanaopenda hesabu, lakini inawachosha wale waliojiunga ili wacheke na rafiki zao, na hao wa pili ndio wengi katika ligi ndogo.

Chagua muundo kwa kuangalia watu ulionao

Kosa la kawaida ni kufungua ligi ya jumla ya pointi kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kufungua, kisha kutuma msimbo wa kujiunga kwa kila mtu. Katika ligi ya namna hiyo, anayebaki nyuma kwa pointi 150 mwezi wa Novemba hana cha kupigania hadi Mei, na kumwomba aendelee ni kumwomba ahudhurie mazishi yake kila wiki.

Kama watu wako ni wachache na wanafahamiana vizuri, nenda kwenye drafti, yaani kugawana wachezaji kwa zamu, ambayo Fantasy Premier League imekuwa nayo tangu msimu wa 2017/18. Hakuna bei, hakuna kapteni wa kuhesabiwa pointi mara mbili, na kila mchezaji ana mwenye timu mmoja tu, kama ilivyokuwa kwa Winkenbach. Zamu huenda na kurudi, kwa hiyo katika ligi ya watu 8 anayechagua wa mwisho katika mzunguko wa kwanza ndiye anayechagua wa kwanza katika mzunguko wa pili. Mfumo unaruhusu hadi watu 16, lakini usiufuate. Hesabu makipa tu. Kila kikosi hubeba makipa 2, kwa hiyo watu 16 watachukua makipa 32, ilhali ligi yenyewe ina timu 20, na timu moja huanza na kipa mmoja. Makipa wasiopungua 12 kati ya hao watakuwa wakikaa benchi la kweli kila raundi. Kwa watu 8 makipa ni 16, na bado kuna akiba nje. Kati ya 6 na 10 ndipo drafti inaponoga.

Drafti ina sharti moja lisiloandikwa popote: wote wawe hapo kwa wakati mmoja. Mkiweza kukaa chumba kimoja, kaeni. Msipoweza, pigianeni simu ya video. Nimewahi kuruhusu watu watatu wachaguliwe na mfumo kwa sababu walikuwa na shughuli, na hao watatu ndio walioacha wa kwanza, kwa kuwa hawakuona uchungu wa kumpoteza mchezaji ambaye hawakumchagua wenyewe.

Kama kundi lako ni kubwa, au watu ni wa kazini na hawajuani sana, ligi ya ana kwa ana ndiyo dawa. Kila raundi unapangiwa mpinzani mmoja. Ukimshinda unapata pointi 3, mkitoka sare kila mmoja anapata 1. Wa mwisho anaweza kumwangusha kinara wiki hii na kulizungumzia hadi wiki ijayo. Hakikisha idadi ya timu inagawanyika kwa mbili, la sivyo kila raundi mmoja wenu atacheza na wastani wa ligi, na hakuna anayeweza kumtania wastani.

Bado unaweza kubaki na ile ya jumla ya pointi kando kwa ajili ya wapenda hesabu, maana kikosi kimoja cha mfumo wa bajeti kinaweza kushiriki ligi zote mbili. Drafti pekee ndiyo inayotaka kikosi chake.

Wafundishe wageni hesabu mbili

Mgeni anayejiunga leo anakutana na watu waliobobea, na anakata tamaa kwa sababu anadhani wenzake wanajua soka kuliko yeye. Mara nyingi wanajua hesabu mbili tu ambazo yeye hajaelezwa.

Ya kwanza ni ya kapteni. Tuseme ligi yenu ina watu kumi, nyote mna mshambuliaji mmoja nyota, na tisa wamempa unahodha. Anacheza dakika zote na kupata pointi 2, anafunga mabao mawili yenye pointi 8, na anachukua bonasi ya 3. Jumla ni 13, na kwa unahodha zinakuwa 26. Wewe pekee umempa unahodha kiungo ambaye wengine pia wanaye, naye amepata 6. Umepoteza zile 13 za ziada na kupata 6 za ziada, kwa hiyo umeachwa kwa pointi 7. Si msiba. Lakini siku ambayo nyota anatoka na 2 na kiungo wako anapata 13, umewapita wote tisa kwa pointi 11 kwa mkupuo. Anayeongoza jedwali na amfuate kila mtu. Aliye nyuma ndiye anayepaswa kuthubutu, tena mapema, kabla pengo halijakuwa kubwa. Wageni wengi hufanya kinyume: wanathubutu raundi ya kwanza bila sababu, kisha wanaogopa wakiwa wa kumi.

Hesabu ya pili ni ya bei. Ukimnunua mchezaji kwa milioni 6.0 akapanda hadi 6.3, ukimuuza hupati 6.3 bali 6.1, kwa sababu mfumo unakupa nusu ya faida na kuishusha hadi sehemu ya kumi ya milioni. Kwa hiyo kukimbilia kununua kila anayekaribia kupanda bei ni kazi kubwa kwa malipo madogo, hasa ikiwa unalipa pointi 4 kwa kila badiliko la mchezaji linalozidi yale ya bure unayopewa kila raundi.

Zaidi ya hayo, mwambie mgeni kwamba jicho lake bado lina thamani. Tangu msimu wa 2025/26 beki anayefikisha matendo 10 ya ulinzi katika mechi, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira, hupata pointi 2, na kiungo au mshambuliaji hupata hizohizo akifikisha 12 pamoja na mipira aliyoirudisha kwa timu yake. Mtu anayetazama mechi na kumwona kiungo mkabaji anavyohangaika amerudishiwa kidogo cha enzi ya Mahrez.

Kazi ya mwenye ligi katikati ya msimu

Muda wa kufunga vikosi ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na raundi zinazoanza Ijumaa ndizo zinazoua. Mimi mwenyewe niliwahi kuisahau Ijumaa moja. Kapteni wangu alikuwa majeruhi, naibu wake naye akaachwa nje ya kikosi na kocha, na hakuna aliyeongezewa hata pointi moja. Tangu hapo natuma ujumbe Alhamisi jioni, wenye mistari miwili tu: saa ya kufunga, na jina la mchezaji mmoja maarufu ambaye hatacheza. Ujumbe mrefu hausomwi.

Aliyepotea mfuate faraghani, usimtaje kwenye kundi. Una habari njema ya kumpa. Hadi msimu wa 2023/24 mtu hakuweza kuweka akiba zaidi ya mabadiliko 2 ya bure, lakini tangu 2024/25 yanaweza kufika 5. Aliyekaa mwezi mzima bila kugusa kikosi chake anarudi na uwezo wa kubadili theluthi ya wachezaji wake bila kutozwa kitu. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo: "Una mabadiliko matano, yatumie leo." Nimewarudisha watu wengi zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa lawama zote nilizowahi kuandika.

Tangaza pia mshindi wa kila mwezi, kwa kuwa jedwali la mwezi huanza upya na aliye nyuma anaweza kulishika. Zawadi iwe ya heshima zaidi ya fedha. Huko Marekani kampuni kama FanDuel, iliyoanzishwa 2009, na DraftKings, iliyofuata 2012, ziliujenga mchezo wa siku moja ambao mvuto wake ni fedha ya haraka, na una wateja wake. Fedha kubwa ikiingia kwenye ligi ya marafiki, aliye nyuma anajiona amekwisha kuliwa na anaondoka, na kinara anaacha kutania kwa sababu anaona anafanya kazi. Mkikubaliana mchango, uwe mdogo, ukusanywe kabla ya raundi ya kwanza.

Hatua ya mwisho ifanye mwezi wa Desemba, wakati jedwali limekwisha kunyooka. Unapofungua ligi mpya ya jumla ya pointi, mfumo unakuruhusu kuchagua raundi ambayo hesabu itaanzia. Fungua ya pili inayoanza raundi ya 20, yenye watu walewale na vikosi vilevile. Kanuni za msimu wa 2025/26 zinaibeba hatua hiyo vizuri, kwa kuwa seti ya kwanza ya chipu, yaani nguvu maalumu za kutumika mara moja, zikiwamo waildikadi (kubadili kikosi chote bila kutozwa) na kapteni mara tatu, inaisha na raundi ya 19, na kila mtu anapewa seti nyingine kamili kwa nusu ya pili. Tuma msimbo siku tatu kabla ya raundi hiyo kufungwa, na uanze kwa kumtumia yule aliye mkiani.