Tairi za semi: kabla hujatoa hela, soma ubavu wa tairi

Wakuu, hii ni kwa wenye semi tela zinazopiga njia ya Dar – Tunduma, hasa wewe ambae ndo unaanza. Watu wengi wakifika dukani wanauliza bei, wanauliza brand, wanauliza ina ply ngapi (namba ya kuonyesha uimara wa tairi), wanalipa wanaondoka. Swali linalookoa roho ya dereva ni lingine, hii tairi imeruhusiwa kubeba kilo ngapi, na usimsubiri muuzaji akujibu maana jibu limeandikwa ubavuni.

Chukua 315/80R22.5, saizi inayojulikana kila mahali. Karibu na hiyo saizi utakuta kitu kama 156/150L. Hiyo 156 ni namba ya uzito tairi ikikaa yenyewe, maana yake kilo 4000, na 150 ni ikifungwa pea, yani tairi mbili zimebanana upande mmoja wa ekseli, kilo 3350 kila moja, L ni spidi, mwisho kilomita 120 kwa saa. Sasa weka na sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8 na tairi ni mbili, kwahiyo kila moja inabeba tani 4, yani 156 imefika ukingoni, haina akiba hata kilo moja. Halafu mtu anafunga mbele 12R22.5 yenye 152, hiyo ni kilo 3550, mbili zinatoa tani 7.1 tu, anapita mizani na tani 7.8 mbele, mizani inamruhusu vizuri kabisa ila tairi zimeshazidiwa na yeye hajui!! Kama gari yako uzito wake unaegemea mbele tafuta 157 (kilo 4125) au 158 (kilo 4250), ongeza hela hapo, usibane kwa mbele. Mbele ikipasuka usukani unavuta upande huohuo na dereva hana muda wa kufikiria.

Kwenye tela hesabu ni nyepesi kidogo. Ekseli tatu zenye pea ni tani 24, tairi 12, kila moja tani 2, kwahiyo hata 12R22.5 inatosha na inabaki. Super single, yani tairi moja pana inayokaa badala ya pea, 385/65R22.5 yenye 160 inabeba kilo 4500, nzuri, nyepesi, ila kumbuka ikiisha upepo haina mwenzake wa kuishikilia.

Mchoro nao una kazi yake. Mbele weka ya mistari mirefu, difu (ekseli inayosukuma gari) weka ya kashata, yani mchoro wa vipande vipande, ili ivute, tela weka ya mistari kwasababu tela haivuti, inaburuzwa, na ukikata kona kali ekseli ya kwanza na ya mwisho zinasugua lami pembeni. Ukikuta imeandikwa FRT ujue ni ya tela, usije ukaipeleka difu eti kwasababu saizi imeingia.

Angalia na tarehe, mwisho wa maandishi ya DOT kuna namba nne, 3523 ni wiki ya 35 mwaka 2023. Tairi ikikaa miaka stoo mpira unakauka hata kama inang'aa. Na zile zilizochongwa mistari upya kwa kisu, kama ubavuni hakuna neno REGROOVABLE achana nazo kabisa, mchongaji akizidisha kidogo amegusa waya na maji yanaingia.

Pea zifanane jamani, saizi moja, mchoro mmoja, na uchakavu usiachane, kipenyo kisizidiane zaidi ya milimita 6 hivi, la sivyo ile kubwa inabeba mzigo wote na ile ndogo inaburuzwa tu.

Upepo pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi, kwa geji, sio kwa kugonga na nyundo, nyundo haiwezi kukuambia kama imepungua PSI 20 (PSI ni kipimo cha upepo). Ujaze kiasi gani? Fuata ya mwenye kiwanda, ubavuni wameandika PSI inayoendana na mzigo wa mwisho. Ukifika Ruaha Mbuyuni na lile joto ukakuta upepo umepanda USIPUNGUZE, ni kawaida, ukipunguza ikipoa itakuwa chini na ndo inaanza kujichoma ubavu yenyewe. Kushuka Kitonga tumia gia na breki ya injini, breki za miguu zikipata moto lile joto linahamia kwenye rimu na tairi inapikwa kuanzia ndani.

Spea nunua ya uzito wa mbele. Kama tela yako ni ya pea na saizi ni moja, ya mbele ukiifunga kwenye tela itafanya kazi, ila ya tela ukiipeleka mbele saa nane usiku porini umerudi kwenye zile tani 7.1.