Kibonge una mimba? Ulizia mkanda wa presha kabla hujachagua mkunga

Kibonge mwenzangu, kabla hujaamua kliniki utaenda kwa mkunga gani muulize kitu kimoja tu, mna mkanda mkubwa wa kupimia presha? Ule wa kawaida ukibana mkono mnene unasoma juu kuliko presha yako halisi, unajikuta umeandikiwa presha ya mimba na huna, mimi nilishtuliwa hivyo hadi mkunga mwingine alipobadilisha mkanda. Jipime nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, izungushe mkononi katikati ya bega na kiwiko, ukivuka sentimita 33 hivi unahitaji mkubwa. Na jibu lenyewe linakuonyesha mtu, anayesema "upo, ngoja nikauchukue" kaa naye, anayeanza kukucheka mwili (wapo jamani) mwache. Ila kama na mkanda unaokutosha bado inasoma 140/90 kwenda juu basi usibishane nayo, hiyo ni presha kweli, na kichwa kikigonga sana au macho yakiona ukungu nenda siku hiyohiyo hospitali yenye daktari na chumba cha upasuaji, usisubiri tarehe ya kliniki.